Nusu Dakika ya Sauti ya Mama

Hedifoni masikioni, padi ya gemu mkononi, mchezo umepamba moto, na sauti ya mama yake ikamwita: "Mwanangu, njoo kwanza."

Ramani hakushtuka. Nani anashtuka akiitwa na mama yake? Alifanya kama anavyofanya siku zote, yaani alijifanya hakusikia. Sauti ikamwita tena, sasa karibu zaidi, na kwa upole usiokuwa wa kawaida, maana mama huyu akiita, nyumba ya tatu huitika. Akawaambia wenzake, "Nipeni dakika moja," akavua hedifoni, akatoka hadi uani huku akinung'unika.

Ilikuwa Jumapili saa tisa mchana, jua linachoma. Mama alikuwa anaanika mashuka ya wateja. Mikono yote miwili ilikuwa juu kwenye kamba, na mdomoni alikuwa amebana vibanio vinne vya nguo.

"Ulikuwa unaniita?"

Mama akatikisa kichwa, akatema vibanio kiganjani. "Nikuite saa ngapi na mdomo umejaa? Nenda kacheze na wenzako, baba."

Lile neno la mwisho likamkwaruza, likakatika, akashika koo na kukohoa. Ramani akarudi ndani. Alipovaa hedifoni tena alisikia mtu anacheka taratibu, kicheko cha mama yake kabisa, kile cha tumboni, na chumba chote kilikuwa kinanuka nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni siku tatu.

Haya. Kabla hamjaanza kumwonea huruma huyu bwana, ngojeni niwaambie alichokuwa amekifanya jana yake. Nitakisema chote, maana hiki si kitu cha kupakwa mafuta.

Ramani si jina lake. Ndivyo walivyomwita ofisini, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba za watu: vyumba vitatu na sebule, choo cha ndani, baraza mbele. Alikuwa na miaka thelathini na moja, hajaoa, anaishi na mama yake kwenye vyumba viwili na ua, mama analala chumbani, yeye sebuleni. Mama alikuwa dobi. Siyo dobi wa duka lenye mashine na risiti, hapana. Dobi wa beseni na sabuni ya mche na pasi ya mkaa, anayepita mitaani asubuhi akipaza sauti, "Nguo! Leteni nguo jamani, jua lipo!" Sauti yenyewe ilikuwa nene, imekwaruzwa na moshi wa mkaa, na ndani yake mlikuwa na kicheko. Wengine walitoa nguo ili tu ipite waendelee kulala. Hakuwa na bango wala simu ya biashara. Sauti ile ndiyo iliyoleta nguo, na nguo ndizo zilizomsomesha Ramani tangu chekechea hadi chuo, mpaka akavaa shati jeupe na kukalia kiti kinachozunguka.

Na kule kwenye kiti kinachozunguka, alipoulizwa na wenzake mama yake anafanya nini, alisema, "Ana biashara zake. Anasafiri sana." Alisafiri kweli, maskini: kutoka mtaa wa juu hadi mtaa wa chini, na furushi la nguo za watu kichwani.

Sasa wenzake hao walikuwa wawili, Mhasibu na Injinia. Walikuwa na mashine za gemu majumbani kwao, na jioni na mwisho wa juma walikutana mtandaoni, kila mtu kwake, wanacheza kikosi kimoja na kuongea kupitia maiki kana kwamba wako sebule moja. Jumatatu wakija kazini wanachekana kwa mambo ambayo Ramani hakuyaelewa. Hilo lilimuuma. Akanunua mashine kwa mtu aliyekuwa anahama, akaileta nyumbani Jumamosi asubuhi, na Mhasibu akawa anamwelekeza kwa simu.

"Fungua akaunti. Hapana, siyo hapo, rudi nyuma. Andika jina. Haya, nikutumie mwaliko, ukubali."

"Inaandika mtandao hafifu."

"Sogeza kile kisanduku cha intaneti."

Nani alikisogeza? Mama. Aliondoa mafurushi ya wateja mezani ili runinga ipate nafasi, akapanda kwenye kigoda, akakishika kile kisanduku dirishani mkono juu, karibu robo saa, mpaka mkono ukafa ganzi. "Hapa je? Na hapa?" Mtandao uliposhika akapiga vigelegele. Alifurahi kuliko mwanawe. Siku zote alikuwa anaogopa kwamba kijana wake hana marafiki.

Ramani akaingia kwenye chumba cha mazungumzo. Mhasibu yumo, Injinia yumo. Hawajacheza hata dakika kumi, mteja akafika getini na mama akamjibu kutoka uani kwa sauti yake ileile.

"He! Nani huyo?" Injinia akauliza. "Mnadani hapo?"

Ramani akahisi masikio yanamuwaka moto. "Ah, huyo? Dobi tu."

"Dobi wako anaweza kuendesha mkutano wa hadhara bila spika."

Wakacheka. Ramani naye akacheka, na alicheka kwa sauti kuliko wao.

"Kaka, mbona rahisi," Mhasibu akamwambia. "Ingia kwenye mipangilio ya maiki, kuna sehemu ya kufuta kelele. Unairekodia mashine ile kelele nusu dakika, inaizoea, halafu inaiondoa. Mimi nimefuta mbwa wa jirani. Injinia kafuta feni."

Mnaelewa alichofanya? Alitoka mlangoni na kusema kwa sauti tamu, "Mama, njoo ukae hapa kidogo. Hebu nisimulie, siku niliyozaliwa ilikuwaje?"

Mama akaacha beseni. Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia akiwa anatabasamu kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi, maana katika miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kumuuliza. Akakaa kwenye kigoda. Ramani akamsogezea maiki.

"Siku hiyo," mama akaanza, "nilikuwa napiga pasi suruali za watu wa harusi. Uchungu ukanishika mkono mmoja uko kwenye pasi. Nikakuambia, mwanangu, subiri nimalize mguu huu tu. Nawe ukasubiri! Ulikuwa na adabu tangu tumboni. Nilipomaliza mguu wa pili..."

Kwenye runinga mstari wa kijani uliokuwa unahesabu ile nusu dakika ukafika mwisho. Swali likatokea: *Futa sauti hii?* Ramani akabonyeza *Ndiyo*.

Mama bado alikuwa anaongea. Alifika kwa mkunga, akafika kwenye mvua, anaonyesha kwa mikono. Ramani anaitikia kwa kichwa, "ehe, ehe," macho yako kwenye runinga. Akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona kwenye maiki, "Mnasikia chochote sasa?"

"Kimya kabisa," Mhasibu akajibu. "Dobi amefutika."

"Safi," Injinia akasema. "Hayupo duniani."

Hapo ndipo ile harufu ilipopita mara ya kwanza. Ramani alidhani ni beseni la nje.

Sasa mnajua. Turudi kwenye ile Jumapili ya vibanio, na siku zilizofuata.

Jumatatu asubuhi mama alitoka na furushi, akapaza sauti mtaa wa kwanza, sauti haikufika hata mwisho wa mtaa. Jumanne ilikuwa inafika nyumba ya pili. Jumatano alibeba sufuria na kijiko, akawa anagonga, na watu wakachungulia madirishani wakidhani ni muuza kitu kingine. Zahanati walimpa dawa ya maji ya koo na kumkataza vitu baridi. Alikunywa chupa nzima. Ijumaa alirudi saa tano asubuhi na nguo za mteja mmoja tu, akakaa uani akiangalia kamba tupu.

"Koo tu hili," alimnong'oneza Ramani alipotoka kazini. "Litapona. Usiwe na mawazo."

Ramani alikuwa na mawazo, ila hayakuwa yale. Kadiri sauti ilivyokuwa inapungua uani, ndivyo ilivyokuwa inanenepa ndani ya hedifoni. Kila jioni alipoingia kwenye chumba cha mazungumzo na wenzake aliisikia nyuma ya milio ya gemu, inahema, inacheka, inasimulia: *Siku hiyo nilikuwa napiga pasi suruali za watu wa harusi.* Mwanzoni ilikuwa inarudia ile nusu dakika neno kwa neno. Kisha ikaanza kuongeza. *Nilipomaliza mguu wa pili nikaisogeza pasi kwako, mwanangu. Nikakunyoosha.* Mama yake hakuwahi kusema hivyo. Ramani alijua haikuwa sawa, lakini mkono wake haukuivua ile hedifoni. Angewaambia nini wenzake? Aanzie wapi?

Jumamosi mchana wakawa wanacheza wote watatu. Injinia akaacha kucheza ghafla.

"Jamani, kuna mama anaongea humu."

"Hata mimi namsikia," Mhasibu akasema. "Ramani, si tulimfuta?"

Na ile sauti, safi, karibu, kana kwamba mdomo umegusa maiki, ikasema, "Muulizeni. Muulizeni mimi ni nani wake."

Wenzake wakaangua kicheko. "Ramani, unaulizwa huku! Huyu ni nani wako?"

Alijua kwamba aliyeongea hakuwa mama yake, na alijua pia kwamba sauti ilikuwa ya mama yake, na kati ya mambo hayo mawili kilichomjia haraka mdomoni kilikuwa kile alichokizoea. "Dobi," akasema. "Dobi tu, anachezea maiki. Siyo mtu wangu."

"Mmesikia," ile sauti ikasema kwa furaha. "Mashahidi wangu, mmesikia."

Ramani akageuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Mikononi alikuwa na mashati yake matano meupe, yamepigwa pasi, kola zimenyooka. Alikuwa amesikia. Akaingia polepole, akayaweka kitandani, akalinyoosha la juu kwa kiganja. Akafungua mdomo kusema kitu, na hakukuwa na chochote, hata ule mnong'ono wa jana, hata pumzi yenye mkwaruzo. Akajishika koo, akamtazama mwanawe, kisha akatoka kwa haraka kama mgeni aliyefungua mlango wa watu kwa bahati mbaya.

Ramani alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, huwa haipasuki.

Alichomoa nyaya zote. Aliiweka mashine kwenye boksi lake, akalifunga kwa kamba, akalipandisha juu ya kabati, na hedifoni akaifungia kwenye droo ya kijikabati kifupi. Jumapili mvua ikanyesha tangu asubuhi. Mama alikuwa amejilaza chumbani kwake, mgongo umeelekea mlango, na Ramani alikuwa sebuleni anachora bila kuona anachochora, na mnamo saa nane, mvua ilipopungua, akasikia droo inaongea. Aliinuka akaikalia. Ikaendelea kuongea chini yake, ikimwita mwanangu, ikimwambia subiri nimalize mguu huu tu, kisha ikatoka kwenye droo bila droo kufunguka na kuhamia ndani ya boksi, na kutoka kwenye boksi ikahamia kwenye beseni uani, ambako maji ya mvua yalikuwa yanatetemeka ingawa mvua ilikuwa imekwisha, na harufu ya nguo zilizovunda ikapanda ukutani na kwenye mapazia na kwenye yale mashati meupe mpaka akahisi inamwingia chini ya ulimi, na muda wote ile sauti ilikuwa inacheka kile kicheko kizuri cha tumboni ambacho alikisikia tangu anajifunza kutembea, naye akiwa na miaka thelathini na moja na kazi ya heshima akajikuta amejikunyata chini ya meza, ameziba masikio, na anachotaka pekee duniani ni kumwita mama, lakini hakuthubutu, kwa sababu hakujua ni nani angeitika.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama akaja, akapiga magoti, akamkuta pale chini. Hakuweza kumwambia kitu. Alimshika kichwa tu, mpaka kicheko kikakoma. Ramani alilia kwa aibu mpaka kamasi zikamtoka.

Jumatatu akaja Bi Saba kuchukua nguo zake. Alikuwa mganga, na walimwita Saba kwa sababu kila wiki alileta mashuka saba meupe, si sita wala nane, yale anayowafunika wagonjwa wake. Mama alikuwa amemfulia miaka mingi bila kuuliza maswali. Bi Saba alifika getini, akasalimia, hakujibiwa, akanusa. Akasimama hapohapo.

"Uko na nani humu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mama akaonyesha koo. Bi Saba akamwangalia, halafu akamwangalia Ramani, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini akisema anaumwa tumbo.

"Wewe. Ulimtupa wapi mama yako?"

"Bibi, mimi..."

"Nimeuliza wapi. Kwamba ulimtupa nimeshanusa."

Akasimulia. Alisimulia mbele ya mama yake, macho yake kwenye vidole vyake vya miguu: dobi tu, nusu dakika, ile *Ndiyo* aliyoibonyeza, Mhasibu na mbwa wa jirani. Alipofika pale kwenye hadithi ya kuzaliwa, mama akageuza uso akatazama ukuta. Kumbe hakujua. Mpaka dakika ile alikuwa anaamini kwamba mwanawe aliuliza kwa kutaka kujua.

Bi Saba akakaa chini, akanong'ona. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mwizi ana afadhali, mwizi unamfukuza mpaka unamkamata. Huyu jini hakuiba. Aliokota. Kitu kimetupwa na mwenyewe mchana kweupe, watu wanashuhudia, yeye akakipenda. Na juzi ukathibitisha. Utamfukuza kwa lipi?"

"Nifanye nini, bibi? Nifanye nini, niambie."

"Utadai palepale ulipotupia, mbele ya walewale. Mimi nitamwita. Akija atauliza mara moja tu: huyu ni nani wako? Ujibu hapohapo, usimeze mate. Na wale wenzako wasikie kwa masikio yao. Wakisikia, hana pa kushika, itabidi airudishe sauti. Wasiposikia, anaondoka nayo jumla."

"Basi? Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Ramani akashusha pumzi. Alijiandaa kuambiwa alete mnyama, au alale makaburini. Kumbe maneno mawili, *mama yangu*, ambayo hata mtoto wa mwaka mmoja anayasema. Wiki nzima aliyafanyia mazoezi njiani kama mtu anayejiandaa na usaili. Mama naye alikuwepo yale masharti yalipotajwa. Alisikia yote, kumbukeni hilo.

Jumamosi saa nne asubuhi mashine ikawashwa. Bi Saba alimkalisha mama kwenye kigoda karibu na mwanawe, akamfunika shuka jeupe kuanzia mabegani, akaweka bakuli la maji katikati ya chumba. Alikuwa anasema maneno yake taratibu, midomo haionekani ikitikisika. Ramani akavaa hedifoni, maiki imesimama mbele ya mdomo wake, akafungulia na spika ya runinga ili wote wasikie. Mhasibu akaingia. Injinia akaingia.

"Ramani! Tumbo limepona?" Mhasibu akasema. "Nimekuja na mgeni leo. Bosi mwenyewe yuko hewani."

"Habari za huko," ikasema sauti ya Bosi, ile nzito ya ofisini. "Wamenisumbua wiki nzima nijiunge. Eti wewe ndiye kiboko yao? Vipi, mama karudi safari?"

Ramani akajikaza kisabuni. "Nzuri, Bosi. Eeh... karibu."

Maji yakaanza kutetemeka kwenye bakuli. Harufu ikaja kwanza kidogo, kisha ikajaa mpaka macho yakawasha, na mwanga wa dirishani ukawa kama unapita kwenye kitambaa cha maji, na Bi Saba akaacha maneno yake, akamshika Ramani bega na kulibana kwa nguvu ambayo usingeitegemea kwa bibi mwembamba vile, na kutoka kwenye runinga na kwenye hedifoni na, Ramani aliapa baadaye, kutoka nyuma ya shingo yake mwenyewe ambako palikuwa na ukuta tu, ile sauti ya mama yake ikauliza bila kicheko chochote:

"Huyu ni nani wako?"

"Nani huyo anaongea?" Bosi akauliza.

Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Lilikuwa pale pale, lina herufi zake zote. Lakini aliiona Jumatatu. Aliona jinsi Bosi atakavyomtazama akipita na chai, aliwaona Mhasibu na Injinia wakiunganisha ule mnada na yule mama anayesafiri, aliona kiti chake kinachozunguka kikizunguka kikiwa kitupu. Haikuchukua muda. Ilichukua kiasi cha mtu kumeza mate.

Akameza mate.

Mama alikuwa anamtazama. Aliliona jasho, aliuona mdomo unavyotetemeka, aliona jinsi mtoto wake anavyoteketea kwa haya mbele ya wakubwa wake. Alijua masharti. Mkono wake ukatoka chini ya shuka, ule mkono uliopasukapasuka kwa sabuni, akaishika ile maiki na kuifumbata kiganjani kwa nguvu. Akamtikisia kichwa mwanawe. *Acha. Usijiaibishe, baba. Acha tu.* Midomo yake ilisema hivyo kabisa.

Na sasa ndipo Ramani alipopiga kelele, macho yamefumba, machozi yanamtiririka: "Ni mama yangu! Ni mama yangu mzazi! Dobi ni mama yangu!"

Alijisikia mwepesi. Kwa muda mfupi alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Kisha akafumbua macho, akauona ule mkono.

"Ramani?" Mhasibu alikuwa anaita. "Kaka, umekatika. Hatukusikii."

"Nani amesikia?" ile sauti ikauliza.

"Nauliza nyinyi mashahidi, mmesikia chochote?"

"Kusikia nini?" Injinia akasema. "Jamani, huyu mama ni nani?"

Ile sauti ikacheka. Ilicheka kicheko chote, kile kizuri, ikatoka kwenye runinga, ikapita sebuleni karibu na nyuso zao, ikavuka ua. Maji kwenye bakuli yakatulia. Nje ya geti jirani alisikika akisema kwa furaha, "Dobi! Koo limepona, mwenzangu? Ehe, njema tu. Lakini uko wapi, mbona sikuoni?"

Bi Saba alifunga shuka lake bila kulikunja vizuri. "Ungejibu alipouliza," alimwambia Ramani kwa upole, "mkono wa mama yako usingewahi kufika." Akatoka bila kuaga.

Ramani akaufungua ule mkono kidole kimoja kimoja, akaibusu ile ngozi ya sabuni, akaishika maiki. Akasema tena, wazi, bila kutafuna maneno, kwamba yule dobi waliyekuwa wanamsikia ni mama yake aliyemzaa, kwamba hasafiri popote, kwamba anafua nguo za watu kwa mikono na ndizo zilizomsomesha, na kwamba yeye aliwadanganya tangu siku ya kwanza. Akangojea kipigo.

"Ala," Bosi akasema. "Ndiyo hilo tu? Mimi baba yangu alikuwa anazibua vyoo. Wote ofisini wanajua."

"Si ungesema siku ile, kaka," Injinia akasema. "Mimi nikamfananisha na mnada. Mwombe radhi kwa niaba yangu."

"Msalimie sana mama," Mhasibu akasema. "Au yuko hapo? Mpe maiki tumsalimie wenyewe. Shikamoo, mama!"

"Shikamoo, mama!" wakasema wengine.

Ramani akamgeuzia mama ile maiki. Mama akatengeneza kanga yake, akakaa wima, akaisogelea kwa adabu. Akawaitikia mmoja mmoja, akawauliza hali, akawauliza na watoto, akawashukuru kwa kuwa marafiki wa mwanawe. Midomo ilikwenda muda mrefu, na uso wake ulikuwa unatabasamu.

"Haloo?" Mhasibu akasema. "Mama? Mbona kimya huko?"